Kikuzatofauti na Uhai wa Betri: Maelezo ya Kifaa na Istilahi Zake

1. Utangulizi

Mtu yeyote aliyepata kumiliki redio ya mawe anaijua elimu ya matumizi ya umeme, ijapokuwa hakuisoma darasani. Anajua kwamba sauti ikipazwa mno mawe hufa upesi. Anajua kwamba redio moja "inakula mawe" na nyingine "haili". Anajua pia kwamba mawe yaliyochoka, yakianikwa juani, hurudiwa na uhai wa muda mfupi, kwa kuwa joto huchangamsha kemia iliyobaki ndani yake. Maarifa haya yamo katika Kiswahili cha kila siku, na yamo kwa maneno ya Kiswahili.

Hata hivyo, maarifa hayo hayo yanapoingia katika kitabu cha elektroniki, Kiswahili hunyamaza. Shule za upili nchini Kenya hufundisha fizikia kwa Kiingereza, na fundi anayeketi na kichomeo chake kando ya barabara huchukua majina ya vifaa kama alivyoyasikia. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi ana majina asiyoweza kuyafasiri, na fundi ana ujuzi asioweza kuuandika.

Makala haya yanakusudia kufanya mambo mawili. Kwanza, yanaeleza kwa Kiswahili kifaa kimoja kilicho kidogo sana kwa umbo na kikubwa sana kwa manufaa, yaani kile kikuzaji ambacho hutumika karibu katika kila chombo kinachopima kitu kwa umeme. Na yanakieleza hasa katika sura yake ya matumizi madogo ya umeme, ambayo huwezesha chombo kuishi miaka kwa betri moja. Pili, yanachunguza namna kifaa hicho na sifa zake zinavyoweza kuitwa. Hoja inayotetewa ni kwamba istilahi haiwezi kuundwa vema kabla kitu chenyewe hakijaeleweka, na kwamba sarufi ya Kiswahili, ikifuatwa kwa uaminifu, humlazimisha mwundaji wa istilahi kuuliza swali ambalo jina la Kiingereza halimlazimishi kuliuliza.

2. Asili ya kifaa na ya jina lake

Katika Vita vya Pili vya Dunia, wahandisi walihitaji mashine za kukokotoa njia ya ndege iliyo angani, ili mzinga ulengwe mahali ndege itakapofika na si mahali ilipo. Tarakilishi za namna ya leo hazikuwapo. Mashine zilizotumika ziliwakilisha kila kiasi kwa volteji: kasi ilikuwa volteji, umbali ulikuwa volteji, na kujumlisha viasi viwili kulikuwa ni kuunganisha volteji mbili ili zitoe ya tatu. Mwaka 1941 Karl Swartzel wa maabara ya Bell nchini Marekani aliomba hataza ya kikuzaji cha kujumlishia. Mwaka 1947 John Ragazzini na wenzake walichapisha makala ambayo yalikipa kifaa hicho jina kinachoitwa hadi leo katika Kiingereza. Kivumishi kilichomo katika jina hilo kilitokana na matendo ya hesabu: kujumlisha, kutoa, kuzidisha kwa kipimo maalumu, na yale matendo mawili makuu ya kalkulasi.

Kifaa cha siku hizo kilikuwa cha vali za kioo. Kile kilichouzwa na kampuni ya George A. Philbrick mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa jina la K2-W, kilikuwa na vali mbili na kilihitaji volti 300 za upande chanya na volti 300 za upande hasi. Nyuzi za kupasha moto vali hizo zilitumia peke yake zaidi ya wati 3, kabla kifaa hakijafanya kazi yoyote. Betri haikuwa na nafasi katika mambo hayo.

Transista ilipovumbuliwa, na baadaye transista nyingi zilipoweza kuchongwa pamoja juu ya kipande kimoja cha silikoni, hali ilibadilika. Mwaka 1965 kampuni ya Fairchild ilitoa µA709 iliyosanifiwa na Robert Widlar, na mwaka 1968 ikatoa µA741 ya David Fullagar, ambayo ilienea duniani kote na ingali ikifundishiwa. Kifaa cha 741 hutumia takriban miliampea 1.7. Kikilishwa volti 30 kwa jumla, kama kilivyokusudiwa, hiyo ni takriban wati 0.05.

Tangu hapo mwendo umekuwa wa kushuka. LM324 ya miaka ya 1970 iliweka vikuzaji vinne katika kifuko kimoja, na vyote vinne kwa pamoja vilitumia chini ya miliampea 1. Tena viliweza kulishwa kwa volti chache kutoka betri moja, bila kuhitaji upande hasi. Widlar huyo huyo, mwishoni mwa muongo huo, alisanifu LM10 iliyoweza kufanya kazi kwa volti 1.1 tu, yaani kwa jiwe moja la redio hata lililokwisha kuchoka. Leo kinapatikana kifaa kama MCP6041 cha kampuni ya Microchip, ambacho hutumia takriban maikroampea 0.6 na huanza kufanya kazi kwenye volti 1.4. Kikilishwa volti 3, matumizi yake ni chini ya sehemu mbili za milioni za wati moja. Au, kwa kusema wazi zaidi, nyuzi za zile vali mbili za Philbrick zingeweza kulisha vifaa vya namna hii zaidi ya milioni mbili kwa wakati mmoja.

3. Namna kifaa kifanyavyo kazi

Kifaa hiki kina miguu mitano ya lazima. Miwili hupokea, mmoja hutoa, na miwili iliyobaki ni ya kulishwa umeme. Kati ya miguu inayopokea, mmoja huitwa chanya na wa pili hasi. Kazi ya kifaa ni moja tu: hupima tofauti ya volteji kati ya miguu hiyo miwili, na kuikuza tofauti hiyo mara nyingi mno. Katika 741 tofauti hukuzwa takriban mara 200,000. Kwa hiyo ili mguu wa kutoa ufikie volti 5, inatosha miguu ya kupokea itofautiane kwa volti 0.000025.

Ukuzaji mkubwa namna hii, ukiachwa peke yake, haufai kwa kipimo. Tofauti ndogo kabisa huutupa mguu wa kutoa upande mmoja au wa pili, mfano wa mizani nyepesi ambayo unywele mmoja huiangusha. Sonara hata hivyo haikatai mizani kwa sababu ni nyepesi. Huweka dhahabu upande mmoja, kisha huongeza au hupunguza mawe ya kupimia upande wa pili mpaka vitanga vilingane; na wepesi wa mizani ndio unaomhakikishia kwamba vimelingana kweli. Katika kifaa hiki, kazi ya mkono wa sonara hufanywa na mrejesho: sehemu ya kile kinachotoka hurudishwa kwenye mguu hasi. Mguu wa kutoa huendelea kupanda au kushuka mpaka miguu miwili ya kupokea iwe karibu sawa kabisa, kisha hutulia.

Wazo hili la kurudisha sehemu ya kitokacho ili kukirekebisha kikuzaji lilimjia Harold Black wa maabara ya Bell mwaka 1927, akiwa katika kivuko akielekea kazini New York. Faida yake ni kwamba ukuzaji wa saketi nzima hautegemei tena tabia ya silikoni, ambayo hubadilika kwa joto na kwa uzee, bali hutegemea vikinza viwili tu. Kikinza cha omu 10,000 kikitoka mguu hasi kwenda chini, na kikinza cha omu 990,000 kikitoka mguu wa kutoa kurudi mguu hasi, saketi itakuza mara 100 barabara. Milivolti 5 zikiingia, milivolti 500 zitatoka.

4. Swali la jina

Baada ya maelezo hayo, inawezekana kulijadili jina. Njia ya kwanza ni kutafsiri kivumishi cha Kiingereza kama kamusi inavyokitoa. Lakini neno hilo la Kiingereza lina maana zaidi ya moja: lina maana ya tendo la hesabu, na lina maana ya kitu kilicho kazini. Mfasiri asiyejua habari za mwaka 1947 atachukua maana ya pili na kusema "kikuzaji tendaji" au "kikuzaji cha utendaji", naye atakuwa ametafsiri neno sahihi kwa maana isiyo yake. Isitoshe, kikuzaji kipi kisichotenda?

Njia ya pili ni kulitohoa neno lenyewe. Hapo Kiswahili kina mzigo wake. Operesheni katika masikio ya Mkenya ni ya hospitali au ya polisi. Katika masikio ya Mtanzania aliyekuwapo mwaka 1974, ni ile ya kuhamia vijiji. "Kikuzaji cha operesheni" kwa hiyo kingempeleka msikilizaji penginepo kabisa.

Njia ya tatu ni kuunda neno moja kwa kanuni iliyokwisha kuzaa kipimajoto, kipazasauti na kinasasauti. Kanuni hiyo ni ngeli ya KI-, kitenzi, kisha nomino. Mtu angeweza kudhani kwamba "kikuzatendo" linafaa, kwa kuwa lina kitenzi cha kukuza na lina tendo la hesabu. Lakini sarufi inakataa. Katika muundo huu nomino ya mwisho ni mtendwa wa kitenzi: kipimajoto hupima joto, kipazasauti hupaza sauti, kinasasauti hunasa sauti. Kikuzatendo, basi, kingekuwa kitu kinachokuza matendo. Ndipo sarufi inapomgeukia mwundaji na kumwuliza: kitu hiki hukuza nini?

Jibu limekwisha kutolewa katika sehemu ya tatu. Hukuza tofauti. Jina linalofuata kanuni na kusema kweli kwa pamoja ni "kikuzatofauti". Jina hili linamweleza mwanafunzi, kabla hajafungua kitabu, jambo ambalo jina la Kiingereza linamficha hata baada ya mwaka mzima wa masomo.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Ipo saketi nyingine inayotumia kifaa hiki pamoja na vikinza vinne ili kutoa volteji moja kutoka nyingine na kuikuza tofauti kwa kipimo maalumu. Je, jina halitagongana? Halitagongana iwapo saketi hiyo itaitwa kwa kazi yake, yaani saketi ya kutoa, sambamba na saketi ya kujumlisha. Kikuzatofauti kitabaki kuwa jina la kifaa, na saketi zitaitwa kwa matendo ya hesabu zinayoyafanya. Hivyo hata yale matendo yaliyozaa jina la Kiingereza yatapata mahali pake panapofaa. Kuhusu neno "opampu", ambalo ni kifupi cha Kiingereza kwa matamshi ya Kiswahili, hakuna sababu ya kulipiga vita karakanani; jina la kazi na jina la kitabu huweza kuishi pamoja, kama mawe na betri zinavyoishi.

5. Hesabu ya betri

Betri ndogo ya duara iitwayo CR2032, yenye upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, hutoa volti 3 na ina akiba ya takriban miliampea-saa 225. Maana yake ni kwamba ingeweza kutoa miliampea 1 kwa saa 225, au miliampea moja ya kumi kwa saa 2,250. Hesabu ni ya kugawanya tu.

Kifaa kinachotumia miliampea 1.7 kama 741, hata kama kingeweza kuishi kwa volti 3, kingeimaliza betri hiyo kwa saa 132, yaani siku tano na nusu. MCP6001, ambacho hutumia takriban maikroampea 100, kingeimaliza kwa miezi mitatu. MCP6041 na maikroampea zake 0.6 kingehitaji saa 375,000, yaani zaidi ya miaka 42. Hesabu hii ya mwisho haitatimia, kwa sababu betri yenyewe huzeeka na kujimaliza mapema zaidi. Lakini ndiyo inayoonyesha maana ya matumizi madogo. Kifaa kimefikia kiwango ambacho betri hufa kwa uzee wake yenyewe, wala si kwa kuliwa.

Umeme unaohesabiwa hapa ni ule ambao kifaa hutumia hata kama hakuna kitu kinachopimwa. Kiingereza huuita kwa neno lenye maana ya utulivu au mapumziko. Katika Kiswahili, hata hivyo, mlinzi aliyeketi langoni usiku kucha bila mwizi kutokea hasemwi kuwa amepumzika. Amekesha, na mshahara wake uko pale pale. Kwa hiyo "mkondo wa kesha" unaelekea kuwa jina la kweli zaidi, nalo litatumika katika sehemu zinazofuata.

Volteji nayo ina sehemu yake. Jiwe jipya la redio huanza na volti 1.5 na hushuka hadi karibu na volti 0.9 kabla ya kutupwa. Kifaa cha zamani kama 741 hakiwezi kuufikisha mguu wa kutoa karibu na volteji za kukilisha. Hubakisha volti moja au zaidi kila upande. Katika volti 30 hasara hiyo si kitu, lakini katika volti 3 ni karibu yote. Kwa sababu hii vikuzatofauti vya betri husanifiwa ili mguu wa kutoa uweze kwenda karibu kabisa na mwisho wa juu na mwisho wa chini. Wahandisi wa Kiingereza hutumia sitiari ya reli mbili. Kwa msemaji wa Kiswahili sitiari iliyo karibu ni ya mto: maji hutoka ukingo hadi ukingo. Kikuzatofauti "cha ukingo hadi ukingo" kinaeleweka bila mtu kufikiria garimoshi.

6. Gharama ya kubana

Hakuna cha bure katika mambo haya. Anayepunguza mkondo wa kesha hulipa kwa njia tatu, na mhandisi asiyezijua atajenga chombo chenye betri ya kudumu na vipimo vya uongo.

Malipo ya kwanza ni kasi. Ndani ya kikuzatofauti mna kapasita ndogo ambayo hukizuia kisitikisike ovyo kinaporejeshewa umeme. Katika 741 ni ya pikofaradi 30. Kila mara mguu wa kutoa unapopanda au kushuka, kapasita hiyo lazima ijazwe au ipunguzwe, mfano wa debe chini ya bomba. Bomba likibanwa ili kuokoa maji, debe huchelewa kujaa. Ndiyo sababu MCP6001 yenye maikroampea 100 ina uwezo wa mabadiliko milioni moja kwa sekunde kikikuza mara moja tu, ilhali MCP6041 yenye maikroampea 0.6 huishia kwenye 14,000. Uwezo huo hugawanywa kwa kiasi cha ukuzaji. Kikikuza mara 100, cha kwanza hufikia mabadiliko 10,000 kwa sekunde, na cha pili 140. Sauti ya mtu katika simu ya kawaida huhitaji hadi 3,400. Kwa hiyo kifaa cha pili hakifai kukuza maneno mara 100; lakini hali joto ya ghala, unyevu wa udongo au mapigo ya moyo hubadilika polepole, na kwa mambo hayo kinatosha.

Malipo ya pili ni kelele. Neno hili wanaisimu wanalijua kutokana na nadharia ya mawasiliano, na katika elektroniki lina maana ile ile: ni kile kisichokusudiwa kinachochanganyika na ujumbe. Transista inayopewa umeme kidogo huwa na kelele zaidi. Juu ya hayo, kila kikinza kina kelele yake inayotokana na mtikisiko wa elektroni kwa joto, John B. Johnson aliipima na Harry Nyquist akaieleza mwaka 1928. Kikinza kikizidishwa mara 100, kelele yake huzidi mara 10.

Malipo ya tatu yanatokana na vikinza hivyo hivyo. Katika mfano wa sehemu ya tatu, vikinza viwili vilifika jumla ya omu 1,000,000. Mguu wa kutoa ukiwa kwenye volti 0.5, vinapitisha maikroampea 0.5, kiasi kinachokaribia mkondo wa kesha wa MCP6041. Lau mhandisi angeweka vikinza vya jumla ya omu 10,000, ukuzaji ungebaki mara 100, lakini vikinza vingekula maikroampea 50, zaidi ya mara 80 ya kikuzatofauti chenyewe. Atakuwa amemwajiri mlinzi asiyelipwa sana kisha akaacha bomba wazi uani. Dawa ni vikinza vikubwa. Navyo huleta kelele, na hufanya hata jasho la kidole au unyevu juu ya ubao wa saketi kuwa njia ya pembeni ya umeme. Katika hewa ya pwani jambo hili si la kinadharia.

7. Mifano miwili

Kipimio cha sukari ya damu ni mfano mzuri, kwa kuwa kosa lake huingia mwilini mwa mtu. Mgonjwa wa kisukari hutia tone la damu kwenye kijiti. Kimeng'enya kilichomo humenyuka na glukosi, na mmenyuko huo hutoa mkondo mdogo unaolingana na kiasi cha sukari. Kikuzatofauti hushikilia volteji ya kijiti mahali pamoja na papo hapo hugeuza mkondo kuwa volteji: maikroampea 10 zikipita katika kikinza cha omu 100,000 hutoa volti 1. Namba inayotokea kiooni ndiyo ambayo mgonjwa huitumia kukadiria insulini yake. Volteji ya betri ikishuka kutoka 3 hadi 2.5, namba hiyo haipaswi kubadilika hata kidogo. Na betri ikishuka mno, chombo kinapaswa kukataa kupima. Chombo kinachonyamaza ni bora kuliko chombo kinachodanganya.

Hapa huonekana jambo lisilotarajiwa. Kama kipimio hufanya kazi sekunde 10 kwa kila kipimo, mara nne kwa siku, kikuzatofauti huhitajika sekunde 40 kati ya 86,400. Kifaa cha maikroampea 100 kikiwashwa kwa sekunde hizo tu na kuzimwa kabisa muda uliobaki, wastani wa matumizi yake ni chini ya maikroampea 0.05. Kifaa kile cha maikroampea 0.6 kisichozimwa hutumia zaidi ya mara 12 ya hapo. Mwenye mbio anayelala sana humshinda mpole anayekesha.

Lakini si kila chombo kinaweza kulala. Kila anayeishi katika nchi za jiko la makaa anajua habari za watu waliofunga milango na madirisha wakaota moto, na hawakuamka. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Kitambuzi chake cha kikemia hutoa mkondo mdogo sana gesi inapokuwapo, na hakuna ajuaye itakuja saa ngapi. Kwa hiyo kikuzatofauti chake lazima kiwe macho wakati wote. Huko ndiko sehemu moja ya maikroampea inapogeuka kuwa miaka ya ulinzi, na ndiko kasi ndogo isipodhuru, kwa kuwa gesi hujikusanya kwa dakika, si kwa sehemu ya maelfu ya sekunde. Kuchagua kikuzatofauti, basi, ni kuuliza kwanza: chombo hiki hulala, au hukesha?

8. Juu ya "nguvu" na "matumizi"

Limebaki suala la sifa inayotenganisha vikuzatofauti vya betri na vingine. Tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa "cha nguvu ndogo". Katika fizikia ingeweza kutetewa. Katika lugha, mnunuzi angeelewa kwamba kifaa ni dhaifu. Maneno jirani hayasaidii: "kawi" ndilo jina la wizara inayoshughulikia nishati nchini Kenya, na "nishati" ndilo lililo katika jina la wizara ya Tanzania, na yote mawili huwakilisha akiba iliyomo ndani ya betri zaidi kuliko kasi ya kutumiwa kwake. Kitenzi cha watu ni kula: redio inakula mawe. Lakini nomino yake, "ulaji", imekwisha kutekwa na lugha ya siasa, na "kikuzatofauti cha ulaji mdogo" kingeleta kicheko mahali pasipohitaji kicheko. "Matumizi madogo" ni maneno ya kawaida, yanaeleweka pande zote mbili za mpaka, na yanasema kile kinachopimwa. Hakuna haja ya kutafuta zaidi.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kikuzatofauti ni kifaa chenye kazi moja, kwamba mrejesho ndio unaokifanya kipime kweli, na kwamba historia yake kutoka vali hadi silikoni ni historia ya kupunguza kile kinachotumiwa bila kupoteza kile kinachosemwa. Imeonyeshwa pia kwamba kila akiba ina bei yake katika kasi na kelele, na kwamba swali la kwanza la msanifu ni la muda: kulala au kukesha.

Kwa upande wa lugha, maneno yaliyotumika, yaani kikuzatofauti, mkondo wa kesha, ukingo hadi ukingo na mengineyo, yanatolewa ili yajadiliwe na walimu wa fizikia, mafundi na vyombo vinavyohusika na usanifishaji. Huenda baadhi yakakataliwa. Kanuni iliyoyazaa, hata hivyo, inafaa kubaki. Kamati ya istilahi inayoketi na orodha ya maneno ya Kiingereza bila kuwa na kifaa chenyewe mezani itatafsiri majina. Ikiketi na kifaa, na fundi wa kukifungua, na mtu wa sarufi wa kuuliza "hukuza nini?", itapata maana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kumweleza mama mgonjwa wa kisukari kwa nini chombo chake kimekataa kupima itakuwa imepewa cheo bila kupewa kazi.